Masega ya ekzosi katika magari ya gesi: yanadumu kiasi gani, na ni nini huyaua

Wiki chache zilizopita nilikuwa Minjila, pale njia panda ya Garsen, nikingoja gari. Shemeji yangu ana matatu ya viti 14 inayokwenda Malindi na kurudi. Alinikuta pale akiwa na habari mbili. Ya kwanza, gari lake limeng'olewa masega. Fundi alimwambia yameziba, akayakata, akachomelea bomba tupu mahali pake, na masega yenyewe yakaenda na mnunuzi ambaye hakuacha hata risiti. Ya pili, alikuwa ametoka harusini Dar es Salaam, na kule aliona bajaji na teksi zimepanga foleni zikijazwa gesi asilia badala ya petroli. Amevutiwa sana.

"Shemeji, gesi haina moshi," akaniambia. "Siku ikifika kwetu nami nikafunga mtungi, masega yatakuwa na kazi gani?"

Diploma yangu ni ya ufundi wa mitambo, ingawa siku hizi natafuta riziki kwa kalamu. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu gari lilikuwa limefika, lakini swali lake ni la watu wengi. Leo nalijibu kwa urefu, kwa faida ya wenye magari, madereva, mafundi na abiria wa Tana River na Pwani nzima.

Jibu fupi ni hili: gari la gesi asilia linahitaji masega kuliko linavyodhaniwa, na masega yake ni rahisi zaidi kufa kuliko ya gari la petroli.

Masega ni kitu gani

Katika bomba la ekzosi, chini ya gari au karibu na injini, kuna kopo la chuma. Ndani yake mna kipande cha kauri chenye maelfu ya vitundu vyembamba, mfano wa sega la nyuki, na ndiyo maana mafundi wetu wameyaita masega. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa utando mwembamba wa alumina, na juu ya utando huo zimetawanywa chembe ndogo mno za madini matatu ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Gari zima lina gramu chache tu za madini hayo.

Vitabu vya kemia huita kitu cha namna hii kichocheo. Kichocheo huharakisha kazi ya kemia bila chenyewe kuliwa. Moshi unapopita kwenye vitundu, kaboni monoksaidi, ile sumu isiyo na harufu, hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi. Mafuta au gesi iliyotoka bila kuungua huunguzwa. Oksaidi za naitrojeni, ambazo huwasha kifua na macho, hurudishwa kuwa naitrojeni ya kawaida, ile iliyojaa katika hewa tunayoivuta kila siku.

Kwa kuwa kichocheo hakiliwi, mtu angetegemea kidumu milele, na mhandisi angependa iwe hivyo. Lakini chembe zile zinaweza kufunikwa, kulishwa sumu, kuyeyuka na kugandamana, au kauri yenyewe ikapasuka. Kudumu kwa masega ni habari ya kuzuia mambo hayo manne.

Kwanza tutenganishe gesi mbili

Watu wengi huku wakisikia "gari la gesi" hufikiria mtungi wa jikoni. Gesi ya jikoni ni propani na butani. Hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo, na wapo wenye magari Kenya waliofunga mifumo ya kuitumia. Gesi asilia ni kitu kingine. Sehemu yake kubwa ni methani, na ili itoshe ndani ya gari hushindiliwa kwenye mtungi mzito hadi mgandamizo wa baa 200 hivi, yaani mara mia mbili ya mgandamizo wa hewa tunayoishi ndani yake. Dar es Salaam wanaiita CNG.

Tanzania ilifika hapo kwa sababu gesi wanayo. Iligunduliwa kisiwani Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kufika Dar es Salaam kwa bomba, zaidi kwa ajili ya umeme na viwanda. Baadaye magari yakaanza kujazwa Ubungo, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ikawa miongoni mwa wanaobadili magari ya petroli, na kiwanda cha saruji cha Dangote huko Mtwara kikaingiza malori ya gesi. Mwezi Mei 2021 serikali za Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kujenga bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Bomba likija, na vituo vikifunguliwa Mombasa na Malindi, magari ya njia ya Garsen, Hola na Lamu yatakuwa miongoni mwa yatakayoshawishika mapema, maana safari zetu ni ndefu na mafuta ndiyo yanayokula faida. Ni vizuri tukajifunza kabla.

Kwa nini methani ni ngumu

Kila mafuta yana tabia yake. Mvuke wa petroli uliotoka injini bila kuungua ni rahisi kuunguzwa ndani ya masega. Yakishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, kazi huanza. Methani ni molekuli ndogo, kaboni moja na haidrojeni nne, na zimeshikana kwa nguvu kuliko katika mafuta mengine ya jamii hiyo. Ili methani iungue ndani ya masega kunahitajika joto la nyuzi 400 na zaidi, na madini yanayofaa zaidi kwa kazi hiyo ni paladiamu. Ndiyo maana masega yaliyotengenezwa kwa gari la gesi asilia huwekwa paladiamu nyingi.

Hapa pana jambo ambalo muuza mfumo wa gesi mara nyingi hakwambii. Gari la petroli linapobadilishwa kuwa la gesi, hubaki na masega yake ya zamani. Masega hayo yatashughulikia vizuri kaboni monoksaidi na oksaidi za naitrojeni, lakini methani nyingi itayapita, hasa kama yameshachoka.

Je, methani ina ubaya gani, ikiwa si sumu ya kuvuta? Ubaya wake ni katika joto la dunia. Wanasayansi wa jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, katika ripoti yao ya 2021, wanakadiria kwamba kilo moja ya methani hupasha joto anga mara 80 hivi kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi ukihesabu miaka 20, na karibu mara 30 ukihesabu miaka 100. Faida ya gesi ni kwamba ikiungua hutoa kaboni dayoksaidi kidogo kuliko petroli au dizeli kwa nguvu ileile. Faida hiyo huliwa ikiwa sehemu ya gesi inatoka ekzosi ikiwa mbichi. Kwa sababu hiyo Ulaya, katika kanuni zao za Euro VI za malori na mabasi, waliweka kikomo maalumu cha methani kwa injini za gesi: gramu 0.5 kwa kila kilowati-saa ya kazi ya injini.

Injini za aina mbili, masega ya aina mbili

Injini za gesi ziko za njia mbili, na umri wa masega hutegemea sana ni ipi unayo.

Njia ya kwanza ni ya hewa nyingi. Injini hupewa hewa kuliko inayohitajika kuunguza gesi yote. Hula mafuta kidogo na hupoa, lakini moshi wake nao hupoa, na masega hukosa lile joto la nyuzi 400. Pia, palipo na oksijeni ya ziada, masega hayawezi kuondoa oksaidi za naitrojeni. Hapo hutumika kichocheo cha kuunguza tu, na paladiamu yake hushambuliwa haraka na salfa, kama tutakavyoona.

Njia ya pili ni ya kipimo sawasawa. Kilo moja ya methani hupewa hewa kilo 17.2 hivi, isizidi wala isipungue, na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huiambia kompyuta ya injini iongeze au ipunguze gesi kila mara. Moshi hutoka ukiwa moto, na masega ya madini matatu hufanya kazi zote tatu. Karibu magari madogo yote ya kisasa ya petroli hufuata njia hii, na hata injini kubwa za mabasi zimeihamia. Kampuni ya Cummins Westport iliingiza injini yake ya ISL G kwa mtindo huo mwaka 2007 ili kutimiza masharti ya Marekani.

Kwa mwenye matatu, funzo ni hili: mfumo wa gesi anaofungiwa lazima uwe ule unaopuliza gesi kwa vipimo, silinda kwa silinda, ukiongozwa na sensa. Mfumo wa zamani, ambao gesi huvutwa tu pamoja na hewa pasipo kompyuta kuipima, ni rahisi kununua, lakini kipimo chake hutangatanga na masega huharibika. Kuna pia mafundi wanaofunga kifaa cha kuidanganya kompyuta ili taa ya injini isiwake. Taa imezimwa, ugonjwa upo palepale.

Adui wa kwanza: salfa

Salfa ndiyo sumu kubwa ya paladiamu. Majaribio ya maabara yaliyofanywa Marekani miaka ya 1990 yalionyesha kwamba hata sehemu moja ya dayoksaidi ya salfa katika sehemu milioni moja za moshi inatosha kudhoofisha uwezo wa paladiamu kuunguza methani katika injini ya hewa nyingi. Salfa hushikana na chembe za paladiamu na kuzifunika, na methani haipati tena pa kugusa.

Salfa hutoka wapi, ikiwa gesi ya Songo Songo inasifiwa kwa kuwa na salfa kidogo sana? Hutoka sehemu tatu. Moja ni dawa ya harufu ambayo katika nchi nyingi hutiwa kwenye gesi ili ikivuja watu wainuse. Dawa hiyo kwa kawaida ina salfa. Pili ni oili ya injini, kwa kuwa kila injini huunguza oili kidogo. Tatu ni petroli yenyewe. Magari mengi yaliyobadilishwa huwashwa kwa petroli asubuhi, yakipata joto ndipo yahamie gesi. Kila kuwashwa, salfa ya petroli huingia.

Habari njema ni kwamba sumu ya salfa mara nyingi si ya kudumu. Masega yakipata moshi wa nyuzi 550 au 600 ambao hauna oksijeni ya ziada, salfa huachia. Injini ya kipimo sawasawa hufika hali hiyo ikiwa na mzigo barabarani. Injini ya hewa nyingi huwa shida kuifikisha hapo.

Kwa upande wa mafuta, Afrika Mashariki imepiga hatua. Mwanzoni mwa mwaka 2006 petroli ya risasi iliondolewa kote kusini mwa Sahara. Risasi ilikuwa ikiua masega kabisa, bila dawa. Kuanzia Januari 2015, Kenya na jirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Lakini mafuta ya chupa na madumu yanayouzwa kando ya njia hayana anayeyapima. Mafuta ya taa yaliyochanganywa humo huweza kurudisha salfa iliyoondolewa kwa sheria.

Adui wa pili: maji

Hili huwashangaza watu. Kilo moja ya methani ikiungua hutoa maji kilo 2.25, kwa umbo la mvuke. Kilo moja ya petroli hutoa kilo 1.4 hivi. Moshi wa gari la gesi kwa hiyo umejaa mvuke, na mvuke huo hushika nafasi juu ya paladiamu na kupunguza kasi ya kazi. Joto likiwa juu ya nyuzi 500 athari hupungua sana. Joto likiwa chini, athari ni kubwa. Gari linalofanya safari fupifupi sokoni, likizimwa na kuwashwa, litafanya vibaya kuliko linalokwenda moja kwa moja Malindi.

Maji hayo pia hulainisha njia kwa kutu. Ukiyaongeza kwenye chumvi ya hewa ya Kipini na Lamu, kopo la chuma la bei rahisi halitadumu.

Adui wa tatu: oili

Oili ya injini hutiwa dawa ya kuzuia chuma kulika, na dawa hiyo ina zinki na fosforasi. Oili inayopita kwenye ringi zilizochoka au sili za vali huungua, na fosforasi, zinki na kalsiamu huganda kama kioo kwenye uso wa mbele wa masega. Sumu hii haiondoki kwa joto wala kwa kuoshwa. Injini za gesi zina oili yake maalumu, yenye majivu na fosforasi kidogo.

Hapa ndipo niliporudi kwa shemeji. Masega yake "yaliziba", lakini masega hayazibi yenyewe. Gari lake linakula oili, na hilo analijua, kwa kuwa kila wiki huongeza. Kukata masega hakukuponya ringi.

Adui wa nne: moto wa kupita kiasi

Masega hupenda joto, lakini si moto. Yakipita nyuzi 900 hivi kwa muda mrefu, zile chembe ndogo za madini husogeleana na kuungana kuwa chembe kubwa, na eneo la kugusana na moshi hupungua. Kilichoungana hakitengani tena. Kauri yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,450 hivi.

Moto huo hutoka wapi? Kwa kawaida hutoka kwenye silinda isiyowaka. Mafundi wetu husema gari "linamisi". Gesi na hewa ya silinda hiyo hutoka ikiwa haijaungua, ikaungulia ndani ya masega. Dakika chache za namna hiyo kwenye mlima au kwa kasi hutosha kuyayeyusha.

Injini ya gesi ina hatari zaidi ya kumisi. Gesi inahitaji umeme wenye nguvu zaidi kuwaka kuliko petroli, kwa hiyo plagi iliyolika au koili dhaifu, ambayo kwa petroli ingevumilika, kwa gesi humisi. Pia gesi ni kavu. Haipozi wala kulainisha viti vya vali kama petroli, na katika injini zisizoandaliwa vali huzama, zikashindwa kufunga vizuri. Plagi mpya ni bei ya chakula cha siku chache. Masega mapya ni bei ya ng'ombe.

Adui wa tano: barabara na mafuriko yetu

Kauri ni kama kigae. Imezungushiwa mkeka wa nyuzi ili isigonge kopo. Gari likitikiswa miaka kwenye njia za vumbi za ndani ya Tana Delta, mkeka hulegea, kauri ikaanza kugonga na kuvunjika. Ukisikia kelele kama changarawe ndani ya kopo, ndiyo hiyo.

Kisha kuna maji ya mto. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliharibu na kukata barabara katika kaunti yetu, na madereva wengi walijaribu kupita mahali maji yalipofika kwenye ekzosi. Kopo lenye joto la mamia ya nyuzi likitumbukia majini, kauri huweza kupasuka. Anayelazimika kupita asimame kwanza kando, aache gari lipoe, na asipite kabisa ikiwa maji yanafika kwenye bomba. Usalama wa abiria uje kabla ya masega.

Umri wa masega kwa hesabu ya Garsen

Ulaya, sheria ya Euro VI inamtaka mtengenezaji ahakikishe vifaa vya kusafisha moshi vinadumu. Kwa magari madogo ya abiria na ya mizigo ni kilomita 160,000 au miaka 5. Kwa malori na mabasi ya kati ni kilomita 300,000 au miaka 6. Kwa yale makubwa kabisa ni kilomita 700,000 au miaka 7. Kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa.

Sasa tuhesabu. Malindi hadi Garsen ni kilomita 110 hivi. Matatu inayokwenda na kurudi mara mbili kwa siku hukata kilomita 440. Ikifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni kilomita 132,000. Kwa hesabu hiyo, ahadi ya kilomita 160,000 humalizika katika miezi 15 hivi. Na gari lenyewe huenda liliingia nchini likiwa limeshatumika, maana sheria yetu inaruhusu magari yasiyozidi miaka 8. Masega yake yalizaliwa Japani, yakala umri wao kule, na huku yakapewa kazi ya miaka mingine 15.

Simaanishi kwamba masega hufa siku kilomita zinapotimia. Gari linalotunzwa huweza kwenda mbali zaidi, na barabara ndefu yenye joto la kudumu huyafaa masega kuliko foleni za mjini. Namaanisha kwamba mwenye gari la biashara asiyahesabu kama kitu cha kudumu. Ayahesabu kama tairi: yana umri, na yatengewe pesa mapema.

Gesi ya samadi

Kuna wanaouliza kuhusu gesi ya samadi. Tana River ni kaunti ya mifugo, na mtambo wa samadi ya ng'ombe hutoa gesi ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Inapikia vizuri. Lakini kwa injini yenye masega, ijulikane kwamba gesi hiyo hubeba haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza, mara nyingi kwa mamia au maelfu ya sehemu kwa milioni. Bila kuchujwa, kwa mfano kwa kupitishwa kwenye vipande vya chuma chenye kutu ambavyo hushika salfa, itaua masega na kulika injini. Ni jambo linalowezekana, lakini si la kuunganisha mpira wa bomba na kuondoka.

Mwenye gari afanye nini

Kabla ya kufunga gesi, pima injini. Inayokula oili au kumisi itengenezwe kwanza. Uliza kama mfumo unaongozwa na sensa ya oksijeni na kama kompyuta ya gari itaendelea kuona makosa.

Baada ya kufunga, badilisha plagi mapema kuliko ulivyozoea, na pima nafasi za vali kwa ratiba. Tumia oili ya majivu kidogo inayofaa injini za gesi. Taa ya injini ikiwakawaka, punguza mwendo na usimame. Kuwakawaka huko mara nyingi ni ishara ya kumisi, na ndipo masega huyeyuka.

Ukiambiwa masega yameziba, uliza yamezibwa na nini. Ukipewa jibu, tengeneza sababu, kisha badilisha masega. Na ukiyabadilisha, jua unachouza. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipita dola 25,000 kwa aunsi, na wizi wa masega ukaenea nchi nyingi. Mnunuzi anayekuja kwa haraka na mizani hakuja kukuondolea taka.

Anayekata masega na kuweka bomba tupu hapati gari jipya. Anapata gari linalotoa kaboni monoksaidi nyingi zaidi, mara nyingi kupitia kiungio kilichochomelewa ovyo chini ya viti vya abiria. Kenya ina kanuni za ubora wa hewa zinazogusa moshi wa magari, lakini afisa hayuko Minjila kila asubuhi. Aliyepo kila asubuhi ni mtoto wa shule anayekaa kiti cha nyuma.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Kaunti hii ilipita ukame wa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo ikafa, kisha mvua ya 2023 ikaja kuzoa kilichobaki. Matatu moja ya Garsen haikuleta hayo. Lakini tukiambiwa gesi ni nishati safi, nasi tukaipokea kwa masega yaliyokufa, tutakuwa tumenunua jina tu. Usafi wa gesi asilia uko nusu kwenye kisima na nusu kwenye kopo lile chini ya gari.

Shemeji amenipigia simu juzi. Ringi zimefanyiwa kazi, oili haipungui tena. Sasa anatafuta masega, na amegundua kuwa bei ya kuyanunua ni mara kadhaa ya ile aliyoyauzia. Nimemwambia asitafute ya mtumba kwa mtu asiye na duka, maana huenda akauziwa ya jirani yake.